Taya likigoma kufunguka: mazoezi, kuosha kiungo au kisu?

Katika familia yetu taya limetusumbua mara mbili, na mara zote mbili tulikosea. Kwanza ilikuwa mimi. Mdomo ulipoacha kufunguka nilitaka nipasuliwe haraka, na kabla ya kufika kwa mtu anayejua taya nilikuwa nimeshang'olewa magego mawili yasiyo na kosa. Kisha ikawa zamu ya mtoto wa dada yangu, aliyeanguka kutoka kwenye mparachichi kule Kibosho akiwa na miaka 4, akatua kwa kidevu. Yeye ndiye aliyehitaji kisu, na sisi tukasubiri miaka 5 tukisema ni mtoto, akikua litaachia. Aliyepaswa kusubiri alikimbilia kisu. Aliyepaswa kupasuliwa akasubirishwa.

Ndiyo maana naziweka tiba hizi ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya mtu wa Moshi au Arusha aliyeshika karatasi ya rufaa na ametajiwa majina matatu manne ya matibabu bila kujua lipi ni lipi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, si daktari. Ila nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki muda wa kutosha kuona kwamba watu wawili wenye lalamiko moja, "mdomo haufunguki", wanaweza kuhitaji matibabu yanayopingana kabisa.

Kwanza ujue kinachozuia

Weka kidole mbele ya tundu la sikio, kisha fungua mdomo. Kinachocheza chini ya kidole ni kichwa cha mfupa wa taya la chini. Kimekaa kwenye kishimo cha mfupa wa fuvu, na katikati yao pana kisahani cha gegedu ambacho madaktari wanakiita diski. Kiungo hiki kinafanya kazi mbili. Kwanza kinazunguka kama bawaba ya mlango, na hapo unapata kama milimita 25. Baada ya hapo kichwa cha taya pamoja na diski yake vinateleza kwenda mbele, ndipo mdomo unafika milimita 40 na kuendelea. Kipimo cha nyumbani ni vidole vyako mwenyewe vitatu, vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine kati ya meno ya mbele. Vikiingia vitatu, huna tatizo la kufungua.

"Mwalimu, hebu jaribu vidole," daktari aliniambia siku ile. Viliingia kimoja na nusu.

"Na kabla ya kugoma, taya lilikuwa linalia?"

Lilikuwa linalia miaka, tak, tak, kila nikipiga mwayo, hadi wanafunzi wa dawati la mbele walisikia. Halafu wakati wa masika mlio ukapotea ghafla na mdomo ukaanza kuishia nusu. Nilifurahi kwamba mlio umepona. Kumbe diski ilikuwa imetoka mbele na kugoma kurudi, imekaa kama kokoto chini ya mlango. Kila nikifungua, kidevu kilikuwa kinavutwa upande wa kushoto, upande wenye ugonjwa, na hiyo nayo ni alama ambayo daktari huiangalia.

Diski ni mojawapo tu ya vizuizi. Kuna misuli ya kutafunia iliyokaza, mara nyingi kwa mtu anayesaga meno usingizini au mwenye msongo mkubwa. Huyu daktari akimsukuma taya taratibu linaongezeka kidogo, ingawa anaumia. Kuna kiungo kinacholika, kwa uzee wa kiungo chenyewe au kwa baridi yabisi. Hiki hakilii tak, kinakwaruza kama mchanga. Na kuna mfupa wa taya kuungana na mfupa wa fuvu, ukawa mfupa mmoja. Hapo ukisukuma ni kama kusukuma ukuta, na mara nyingi hapaumi. Mtoto wetu hakulalamika maumivu hata siku moja, na hilo ndilo lililotudanganya.

Utasikia pia watu wakitaja hatua. Kipimo kinachotajwa sana kwa ugonjwa wa diski ni cha daktari Wilkes, cha mwaka 1989, chenye hatua 5. Ukiambiwa upo hatua ya 4 usiingiwe na hofu ukadhani hiyo ni tiketi ya kupasuliwa. Wapo watu wenye picha mbaya wanaotafuna vizuri, na wapo wenye picha nzuri wasiolala kwa maumivu.

Kuhusu picha zenyewe: eksirei ya taya zima inaonyesha mifupa, diski haionekani. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ndiyo inayoonyesha diski. Picha ya CT ndiyo inayoonyesha vizuri mfupa ulioungana, na daktari wa upasuaji anaihitaji ili ajue atakata wapi. Kwa hiyo kabla hujalipia picha yoyote, muulize daktari anatafuta nini ndani yake. Mimi nilitumwa kupiga eksirei mara tatu, na diski isingeonekana hata ningepiga mara kumi.

Jambo moja halingoji ulinganisho wowote. Mdomo ukijifunga ndani ya siku chache huku shingo inakaza na mwili unakakamaa, hasa kama mtu alikuwa na kidonda, hiyo inaweza kuwa pepopunda. Na ukijifunga pamoja na homa na shavu kuvimba, inaweza kuwa usaha wa gego. Kimbia hospitali usiku huohuo.

Mazoezi na kifaa cha usiku

Kama mdomo unafunguka kiasi na shida kubwa ni maumivu, hapa ndipo pa kuanzia hata kama umeumwa miaka mitatu. Najua inavyouma kuambiwa hivyo. Umepanga foleni tangu saa 12 asubuhi, umeomba ruhusa kazini, halafu unaambiwa ukakande taya kwa kitambaa cha moto na ufanye mazoezi. Nilitoka pale nikiwa na machozi. Niliona wananidharau.

Ushahidi ulikuwa upande wao. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 106 ambao diski zao zilikuwa zimetoka na kugoma kurudi, ugonjwa wangu mimi. Waliwagawa kwa kura katika makundi manne. Kundi moja lilipewa dawa za maumivu na maelekezo ya kujitunza. La pili lilipewa mazoezi, kifaa cha meno na mazungumzo ya kukabili maumivu. La tatu lilifanyiwa upasuaji wa kamera, na la nne likafunguliwa kiungo kabisa. Baada ya miaka 5 makundi yote yalikuwa na nafuu, na hakukuwa na kundi lililolishinda jingine kwa maumivu wala kwa utendaji wa taya. Niliposoma hilo niliwaza magego yangu mawili.

Mwaka 2023 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilitoa mwongozo kwa watu wenye maumivu ya taya ya muda mrefu. Yaliyopendekezwa kwa nguvu ni mazoezi ya taya yanayosimamiwa, kunyooshwa taya na mtaalamu kwa mikono, na tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kuishi na maumivu na msongo. Yaliyokataliwa kwa nguvu ni pamoja na kuondoa diski na vifaa vya mdomoni vinavyobadilisha mpangilio wa meno moja kwa moja. Kifaa cha kawaida cha usiku, kuosha kiungo (nitakueleza hapo chini), botoksi, yaani sindano ya kulegeza misuli, na sindano za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, viliwekwa katikati, kwamba kwa wengi ni afadhali kutovitumia kwa maumivu pekee. Mwongozo huo unahusu maumivu. Mtu aliyeungana mifupa haumhusu, na ningependa msomaji asiuchanganye.

Mazoezi niliyopewa hayakuwa na gharama. Ncha ya ulimi unaiweka kwenye paa la kinywa, unafungua polepole bila kuiachia, mara 6, na unarudia mara 6 kwa siku. Kisha sheria moja ya mchana kutwa: midomo ifungwe lakini meno yasigusane. Nilikuja kugundua kwamba nikisahihisha madaftari meno yangu yanabanana saa nzima. Nikaandika neno "meno" kwa wino mwekundu kwenye jalada la kila rundo.

Kifaa cha usiku ni plastiki ngumu inayotengenezwa kwa umbo la meno yako. Uzuri wake ni kwamba kinaondoleka. Ukiona hakikusaidii unakiweka kabatini. Kinayalinda meno ya mtu anayesaga usiku yasilike. Mimi nilikivaa miezi sita, na nikiulizwa leo kipi kilinifaa zaidi kati yake na mazoezi, nasema mazoezi. Tofauti kubwa ni pale mtu anapotaka kuyasaga meno yako au kuyang'oa ili "kusawazisha" taya. Hilo halirudishiki. Lisikie, shukuru, toka nje, tafuta maoni ya daktari mwingine.

Kwenye chakula sisi wa huku tumebahatika. Mtori ni chakula cha mgonjwa wa taya kana kwamba ulibuniwa kwa ajili yake. Ongeza kiburu kilichopondwa hasa, uji wa maziwa, na kwa watu wa Arusha loshoro. Weka pembeni mahindi ya kuchoma, muwa, makande magumu, nyama choma na bigijii. Hiyo iwe wiki chache tu, kwa sababu taya lisilotafuna nalo linadhoofika.

Muda unaotajwa mara nyingi kabla ya kufikiria hatua nyingine ni miezi 3 hadi 6 ya mazoezi ya kweli. Nasisitiza ya kweli, kwa sababu mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nayafanya siku za kliniki tu.

Kuosha kiungo au kuingiza kamera

Hizi mbili ndizo watu wanazozichanganya zaidi, kwa kuwa zote zinafanyika kwa matundu madogo mbele ya sikio.

Kuosha ni kuchoma sindano mbili ndani ya kiungo. Maji ya chumvi ya hospitali, au yale ya Ringer, yanaingia kwa sindano moja na kutokea kwa nyingine, kwa kawaida mililita 100 hadi 300. Yanatoa kemikali za uvimbe na kubandua diski iliyonata. Njia hii ilielezwa mwaka 1991 na Dorrit Nitzan na wenzake. Inaweza kufanywa kwa ganzi, na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ganzi ikiwa bado inafanya kazi, daktari anausukuma mdomo ufunguke, na mgonjwa anaanza mazoezi kesho yake.

Kamera, yaani athroskopi, ni bomba jembamba la upana wa milimita 2 hivi. Daktari Ohnishi wa Japani ndiye aliyeitumia kwenye kiungo cha taya kwanza, mwaka 1975. Kwa kamera daktari anaona ndani, anaweza kukata nyuzi zilizoshikamana, na anaweza kuchukua kipande cha nyama kwenda maabara. Mara nyingi inahitaji nusu kaputi, vifaa vya bei kubwa na mikono iliyozoea kazi hiyo.

Ukiziweka pamoja, kuosha ni rahisi, kwa bei nafuu, na hakufungi njia ya kamera baadaye. Kamera inamfaa aliyeoshwa bila mafanikio, au ambaye daktari ana shaka na kilichomo ndani. Ukiambiwa usafiri kwenda kufanyiwa kamera wakati hakuna aliyekusimamia mazoezi wala kukuosha kiungo, uliza kwa heshima kwa nini hatua mbili zimerukwa.

Mimi niliishia kuoshwa, baada ya miezi minne ya mazoezi kunifikisha vidole viwili na kukwama hapo. Sindano zenyewe zilivumilika. Kilichonishangaza ni maelezo ya daktari kwamba kuosha hakurudishi diski mahali pake. Diski yangu bado iko mbele hadi leo. Kilichobadilika ni kwamba nyama iliyo nyuma yake imezoea kubeba mzigo, na taya linateleza tena. Baada ya miezi miwili vidole vitatu viliingia, cha tatu kwa kubanwa. Laiti ningeambiwa mapema kwamba mtu anaweza kupona bila picha yake kuwa nzuri, nisingehangaika na kisu mwaka mzima.

Sindano ya steroidi ndani ya kiungo inaweza kutuliza uvimbe mkali, hasa wa baridi yabisi. Lakini ikirudiwarudiwa inakula gegedu na mfupa. Kama ni baridi yabisi, dawa za ugonjwa wenyewe ndizo zitangulie. Taya ni mlango mmoja tu wa nyumba inayoungua.

Kufungua kiungo

Hapa daktari anapasua mbele ya sikio, anaingia hadi kwenye kiungo. Anaweza kuirudisha diski na kuishona, kazi ambayo Thomas Annandale wa Edinburgh aliielezea mwaka 1887. Anaweza kuiondoa diski iliyochanika, au kulainisha mfupa uliolika. Unalazwa, unapewa nusu kaputi, unabaki na kovu dogo linalofichika na nywele au ukingo wa sikio. Hatari inayopaswa kutajwa kabla hujasaini ni mshipa wa fahamu wa uso, unaopita karibu sana na hapo. Ukivutwa, unaweza kushindwa kupandisha nyusi au kufumba jicho vizuri upande huo. Kwa wengi hurudi baada ya miezi, kwa wachache haurudi.

Upasuaji huu unamfaa mtu mwenye sababu inayoonekana kwenye picha na inayolingana na anachougua: uvimbe ndani ya kiungo, mfupa ulioharibika, diski iliyopasuka inayoziba njia baada ya mengine yote kushindwa. Maumivu peke yake, hata yawe makali, si sababu ya kutosha, na maoni yangu hapa ni makali kwa kuwa ilikuwa nusura niwe mmoja wao.

Taya linalochomoka mara kwa mara ni ugonjwa wa kinyume, mdomo haufungiki. Likichomoka, daktari analirudisha kwa kubonyeza chini na kusukuma nyuma kwenye magego. Likizidi, kuna sindano ya damu ya mgonjwa mwenyewe ndani ya kiungo ili kulikaza, na kuna upasuaji wa kupunguza kile kilima cha mfupa kinacholinasa.

Mifupa iliyoungana: hapa usisubiri

Sasa mtoto wetu. Alipoanguka, kidevu kilichanika kidogo, kikashonwa, kikapona. Hakuna aliyegusa mbele ya masikio. Pigo la kidevu huwa linapanda hadi kwenye vichwa vya taya, na kwa mtoto mfupa uliovunjika huko unapona kwa haraka mno, hadi unajishika na fuvu. Usaha wa sikio usiotibiwa nao unaweza kuleta jambo hilohilo. Mtoto akianguka kwa kidevu, pima vidole vyake vitatu kila wiki kwa miezi kadhaa. Vikipungua, rudi hospitali.

"Mwacheni, akikua litaachia," bibi yake alisema, naye alisema kwa upendo. Lakini kichwa cha taya ni sehemu taya linapokulia. Kikikwama, kidevu kinabaki kidogo, uso unaenda upande, meno yanaoza kwa kuwa mswaki hauingii. Alipofika miaka 9 alikuwa anasukuma ugali kwa kidole kupitia pengo la jino lililong'oka, na usiku alikuwa anakoroma kama mtu mzima, anakatika pumzi, anashtuka. Dada alikuwa analala ameketi ili amsikilize.

Kwa hali hii mazoezi peke yake hayafungui kitu, kuosha hakuna pa kuosha, kifaa cha usiku ni kupoteza fedha. Mfupa lazima ukatwe. Kinachochaguliwa ni kile kitakachowekwa mahali pake:

| Njia | Faida | Hasara |
|---|---|---|
| Kukata na kuacha pengo | Upasuaji mfupi, hakuna kingine kinachochukuliwa mwilini | Taya linafupika; mifupa inaweza kuungana tena |
| Kukata na kulaza msuli wa kipaji upande wa juu ya sikio | Msuli uko palepale. Unatenganisha mifupa | Kishimo kidogo kwenye kipaji. Urefu wa taya haurudi wote |
| Kukata na kupandikiza ubavu wenye gegedu lake | Kwa mtoto unaweza kukua pamoja naye | Ukuaji wake haudhibitiki, unaweza kupitiliza. Jeraha la pili kifuani |
| Kiungo bandia | Kinarudisha urefu, hakihitaji ubavu | Ghali. Si chaguo la kwanza kwa mtoto anayekua |

Utaratibu unaofuatwa na wengi ni ule wa daktari Kaban na wenzake wa mwaka 1990. Mfupa ulioungana unakatwa wote bila huruma, pembe ya taya, ile ncha ya juu iliyo mbele ya kiungo na inayoshikwa na msuli wa kipaji, nayo inaondolewa, na mdomo lazima ufike milimita 35 mgonjwa akiwa bado mezani. Usipofika, pembe ya upande wa pili nayo inakatwa. Baada ya hapo mazoezi yanaanza mapema na kuendelea kwa ukali.

Dada alitaka ubavu, kwa sababu neno "unakua" lilimpa tumaini. Daktari akamweleza kwamba unaweza kukua kidogo, ukakua sawasawa, au ukakua kupita kiasi hadi kidevu kikasukumwa upande wa pili, na kwamba uamuzi huo si wake wala wetu. Tulichagua msuli, tukijua kwamba akibalehe atahitaji upasuaji wa pili wa kurefusha taya. Familia nyingine inaweza kuchagua ubavu ikawa sahihi kabisa, hasa mtoto akiwa mdogo zaidi na hospitali ikiwa na uzoefu nao.

Swali la kwanza kuuliza, kabla ya bei, ni la usingizi. Mtu anayepewa nusu kaputi huwekewa bomba la hewa kooni kupitia mdomoni. Huyu mdomo wake haufunguki. Bomba linapaswa kupita puani kwa kuongozwa na kamera inayojipinda, au koo litobolewe mbele. Kwa hiyo omba kuonana na daktari wa usingizi na umuulize amewahi kuwalaza wagonjwa wangapi wa namna hii na atatumia nini. Jibu lake litakusaidia kuchagua hospitali kuliko tangazo lolote.

Halafu mazoezi. Tulipewa vile vijiti vya mbao vya kukandamizia ulimi. Unavipanga kati ya meno, na kila baada ya siku kadhaa unachomeka kimoja zaidi katikati ya rundo. Mara tano kwa siku. Mtoto analia, mama analia, jirani anakuja kuuliza mnamfanya nini mtoto. Wengi wanaoungana tena wanaungana kwa sababu rundo liliachwa kabatini maumivu yalipozidi. Mpe dawa ya maumivu nusu saa kabla, kisha endelea. Hii ni kazi ya mwaka, na mwenye moyo mwepesi asikabidhiwe yeye peke yake.

Kiungo bandia

Kwa mtu mzima ambaye kiungo kimekwisha, au ameungana tena baada ya kupasuliwa, kipo kiungo cha kutengenezwa: upande wa fuvu plastiki ngumu sana, upande wa taya chuma cha kobalti na kromiamu au titaniamu. Vipo vya saizi za kawaida na vipo vinavyotengenezwa kwa kufuata picha ya CT ya mtu mmoja. Marekani iliidhinisha cha kutengenezwa kwa kipimo cha mtu mwaka 1999 na cha saizi za kawaida mwaka 2005. Wagonjwa wa vile vya kipimo wamefuatiliwa hadi miaka 20 na wengi wao wanaendelea vizuri.

Historia yake inafaa kujulikana. Miaka ya 1980 kulikuwa na vipandikizi vya Proplast-Teflon, vikawekwa kwa maelfu ya watu. Vilimomonyoka, mwili ukavishambulia, mifupa ikaliwa hadi kwenye fuvu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vikaondolewa sokoni. Vya leo ni vingine kabisa, lakini ukipewa jina la kifaa una haki ya kuuliza ni cha nani, kimetumika miaka mingapi, na kikiharibika nani hapa Tanzania atakitoa. Kama ngozi yako huwashwa na hereni au saa ya bei rahisi, mweleze daktari. Inaweza kuwa mzio wa nikeli, na chuma cha kobalti huwa na chembe zake.

Hapa ndipo watu huanza kuzungumzia kwenda kutibiwa India. Kabla hujauza kiwanja, hesabu kwamba kliniki za marudio ni nyingi, na safari ya pili itakuwa ghali sawa na ya kwanza.

Kutoka hapa Kilimanjaro na Arusha

Njia ya rufaa ni ileile: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, ambayo kwa Arusha ni Mount Meru na kwa Moshi ni Mawenzi. Juu yake kuna hospitali ya rufaa ya KCMC hapa Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia kanda nzima, na mwisho Muhimbili, Dar es Salaam. Unayemtafuta ni daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na uso. Sema neno hilo mapokezi. Ukisema tu "meno" utapelekwa kwenye foleni ya kung'oa, na ukisema "sikio linauma" utapewa dawa ya matone. Fika ukiwa na barua ya rufaa, maana bima nyingi huiangalia hiyo kwanza, na omba gharama kwa maandishi zikiwa zimetenganishwa: chumba cha upasuaji, daktari wa usingizi, kifaa, wodi, mazoezi. Hilo la mwisho husahaulika.

Kwa mazoezi, ukaribu una thamani kuliko sifa. Mtoto wetu alipasuliwa mbali, zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumbani, lakini anayemsimamia mazoezi yuko dakika 20 kutoka kwangu. Dada akakubali ahamie kwangu kwa mwaka huu wa shule, kwa kuwa kutoka Kibosho kila wiki wakati wa mvua kulikuwa kunamfanya akose.

"Mamdogo, leo tuhesabu kwa sauti," huwa ananiambia. Tunahesabu. Jana vijiti vilifika 19, na rula ikasoma milimita 33. Agizo tulilopewa ni kwamba ikishuka chini ya 30 siku mbili mfululizo, tusingoje tarehe ya kliniki.